Goti Mbele ya Kamera

Barua pepe ya tatu ya wale wa mtihani wa Kiingereza iliingia Jumanne mchana wakati namlisha binti yangu wali na maharage, nikaisoma kijiko kikiwa mkononi. Walisema uamuzi wao ni wa mwisho. Walisema wanaelewa kwamba habari hii inaweza kunisikitisha. Halafu chini kabisa, kwa maandishi ya bluu, wakanishauri nisikate tamaa, nitumie masomo yao ya bure ya mtandaoni ili nijiandae vizuri zaidi, na nianze na hili hapa. Nikabonyeza. Somo la kwanza: namna ya kumsalimia mtu.

Palikuwa na picha ya mwanamke na mwanaume wameshikana mikono wanacheka, na kitufe cha kubonyeza usikie sauti.

Niliweka kijiko chini. Nikaifunga laptopu kwa kishindo hadi mtoto akaacha kutafuna, kisha nikaifungua tena maana sikuwa nimemaliza nayo, nikaiambia ile picha maneno ambayo mama yangu mzazi angeyasikia angenichapa mbele za wageni, na umri wangu huu. Binti yangu ana miaka minne. Kiswahili anakisikia chote, hasa kile asichotakiwa kukisikia, ila majibu yake ni Kiingereza. Akaniuliza nagombana na nani. Nikamwambia nagombana na kompyuta. Akataka kujua kama kompyuta imeanza kulia.

Mama mkwe akatoka chumbani, khanga begani, akasimama mlangoni. Akaniangalia mimi, akaiangalia laptopu.

"Ni wale tena?"

"Ndiyo mama, ni wale."

Aligeuka akarudi chumbani polepole, kama mtu anayeondoka kwenye msiba anaodhani kausababisha yeye. Hapo ndipo nilipofika mwisho. Ile picha ya watu wanaosalimiana ningeweza kuimeza, nimemeza makubwa zaidi katika nchi hii. Lakini ule mgongo wa mama mkwe unaorudi chumbani sikuweza.

Ngoja nieleze toka mwanzo, maana nimeshaeleza mara nyingi kwa watu wasiosikiliza.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, shule ya kata, Morogoro. Watu wa huku wakisikia sekondari yetu inafundishwa kwa Kiingereza wanadhani basi tunakijua. Tulifundishwa na walimu ambao wakitaka tuelewe walihamia Kiswahili, mkaguzi akionekana getini wakarudi Kiingereza, na sisi tukarudi kusinzia. Nilikariri. Hadi leo naweza kukuandikia kwa Kiingereza namna mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mchoro juu. Lakini mwaka wangu wa kwanza London, mtoto ana miezi mitano na homa inapanda, nilisimama mbele ya mfamasia nikashindwa kuuliza dawa ni kijiko kizima au nusu. Nilionyesha kwa vidole. Naye akanijibu kwa vidole, na kwa sauti kubwa, kana kwamba ubovu uko masikioni. Nilirudi nyumbani nasukuma kigari cha mtoto nalia kwa hasira, kwa sababu nilijua mimi si mjinga na nilikuwa nimetoka kuonekana mjinga.

Darasa la Kiingereza la kukaa na mwalimu nilijiandikisha wiki ileile. Wakasema kuna foleni, wataniita. Sijaitwa. Badala yake yule wa mapokezi alinipa karatasi yenye orodha ya tovuti, akaniambia siku hizi kila kitu kipo mtandaoni, ni bure, unasoma kwa muda wako. Kwa muda wangu. Nilikuwa nasafisha ofisi Stratford, natoka nyumbani kabla jua halijachomoza, narudi saa tatu asubuhi kumpokea mtoto ili mume wangu aende zamu yake ya ghalani. Muda wangu ulikuwa ule wa kwenye basi.

Basi nikasomea kwenye basi. Programu ya kwanza ilikuwa na kisungura kinachokupigia makofi. Kinakupa sentensi, unaisoma kwa sauti, kinasikiliza, kinaruka. Sentensi zenyewe ni za mtu asiye na shida: farasi wangu anapenda tufaha, mjomba wako ana kofia ngapi. Siku moja binti yangu alikohoa karibu na simu, kisungura kikaruka, kikamwambia matamshi yake ni bora kabisa. Mimi nimetamka neno la Kiingereza la Alhamisi mara kumi na moja mbele ya abiria wa ghorofa ya juu ya basi, kinanitikisia kichwa. Na ukikosa siku moja tu, kinakutumia ujumbe kimekaa na machozi, kinauliza kama umekisahau. Mtoto ana tumbo la kuhara na sungura analia anataka nikaongee naye habari za kofia.

Tovuti nyingine ilikuwa na video za mwalimu wa shati la bluu, anaongea polepole na kutabasamu kana kwamba anamwita mbuzi zizini. Nyingine ilikuwa na mazoezi ya kujaza nafasi, ukikosea inasema jaribu tena, haisemi umekosea wapi. Kulikuwa pia na klabu ya maongezi ya Alhamisi, ya kwenye kamera: tulikuwa kina mama kumi hivi, kamera zimezimwa wote kwa sababu nyuma ya kila mmoja kuna nguo zimeanikwa ndani na mtoto yupo uchi, na dada mmoja mpole anatuuliza wikiendi tulifanya nini. Tulipumzika, tukasema wote. Hakuna aliyepumzika. Lakini neno la kupumzika tulikuwa tunaliweza.

Sitaki kusema uongo, nilijifunza. Nilipata tovuti moja ya bure ambapo mama mtu mzima anafundisha kupiga simu: kumpigia daktari, kumpigia mwenye nyumba, kusema samahani sijakuelewa rudia. Huyo mama nilimsikiliza mpaka nikawa najua anavuta pumzi wapi. Mwaka wa pili ukiisha, nilipiga simu kwa daktari nikasema yote mwenyewe, tarehe, dalili, dozi, na wakanipa nafasi siku ileile. Niliikata ile simu nikacheza muziki jikoni peke yangu.

Kwa hiyo jirani yangu wa ghorofa ya chini aliponiambia hospitali moja ya huku kaskazini mwa London inatafuta wasaidizi wa wodi, nafasi za mafunzo, mshahara unaanza unapoanza kusoma, niliomba. Huyu jirani ni Mkenya, analea wazee majumbani, ana mdomo mkali na moyo mzuri. Niliitwa kwenye usaili. Wanawake wawili na mwanaume mmoja, ana kwa ana. Waliniuliza ningefanya nini mgonjwa mzee akikataa kuogeshwa. Nikawaambia nisingemwogesha kwanza, ningekaa, ningemuuliza habari za watoto wake, maji yanaweza kusubiri. Wakaangaliana. Yule mkubwa wao akaandika kitu. Wiki iliyofuata wakanipigia kwamba nafasi ni yangu, bado kitu kimoja tu, cheti cha Kiingereza cha kuongea na kusikiliza, kutoka kwenye mtihani wowote unaotambulika, kabla mafunzo hayajaanza mwisho wa mwezi.

Nisingekipata, nafasi ingekwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Hilo waliniambia kwa upole lakini waliniambia.

Mtihani uliopatikana karibu ulikuwa wa mtandaoni, unaufanyia nyumbani. Masharti yake nilisoma mara tatu na kamusi pembeni. Uwe peke yako chumbani. Meza iwe tupu. Uzungushe kamera uonyeshe kuta zote nne na chini ya meza. Macho yasitoke kwenye skrini. Usiondoke kwenye picha. Isisikike sauti nyingine yoyote. Yaani kwa kifupi uwe mtu asiye na watu.

Sisi tuna chumba kimoja na sebule yenye jiko. Meza ni moja, iko sebuleni. Na tulikuwa na mgeni, mama mkwe, aliyekuja miezi mitano kumwona mjukuu ambaye alikuwa akimjua kwa simu tu. Tulilala chumbani mimi, yeye na mtoto, mume wangu akalala kwenye kochi, na hatukuwa na ugomvi. Huyu ni mama wa watu wa Magu, Usukumani. Mimi nimetoka Morogoro, goti sikuzaliwa nalo, nilifundishwa na shangazi zake mume wangu wiki ya harusi: mkwe hamwamkii mama mkwe amesimama. Unashuka, goti linagusa chini, mkono unagusa chini, unaamkia, unangoja aitikie yote mpaka amalize, ndipo unainuka. Mwanzoni nilifanya kwa kuogopa kusemwa. Halafu nilijifungua, yeye akiwa Magu mimi niko London, na kila asubuhi kwa siku arobaini alinipigia kuuliza kama maziwa yanatoka. Tangu hapo nashuka kwa kupenda.

Siku ya mtihani nilijipanga kama jeshi. Mume wangu aliomba zamu ibadilishwe akamtoa mtoto kwenda bustanini. Nilimweleza mama mkwe usiku wake kwamba kesho saa tatu nina mtihani, nitaongea na kompyuta, naomba abaki chumbani mpaka nimwite. Akasema hakuna shida mwanangu, nitakuombea humohumo. Nikaamka mapema. Nikaoga, nikapanga meza, nikajaribu kamera, nikajaribu spika. Nilikuwa nimetoka chumbani kwa kunyata ili nisimwamshe.

Na sikumwamkia. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali, ni moja. Nilisema nitamwamkia nikimaliza.

Mtihani ukaanza. Kusikiliza kulienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kikaja kipengele cha kuongea: eleza mtaa unaoishi, dakika mbili. Nikawaza, huu ni wangu. Nikaanza kusema habari za Edmonton, nyumba zilizoshikana, kituo cha treni, duka la Waturuki linalouza mihogo, kanisa la Waghana linalopiga ngoma Jumapili nzima. Nilikuwa sijawahi kuongea Kiingereza kizuri namna ile. Kilikuwa kinatoka chenyewe.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Alikuwa amesubiri tangu alfajiri, nilikuja kujua baadaye. Alisikia nimeamka, akasikia naoga, akasubiri nije nimwamkie, sikuja. Saa moja, saa mbili, sijaja. Halafu akasikia naongea peke yangu kwa kasi, lugha asiyoijua. Akasema moyoni, huyu mtoto anaumwa. Mkwe mzima hawezi kuacha kuamkia. Akasahau mtihani, akasahau yote, akafungua mlango na sura ya wasiwasi.

Watu wameniuliza nilikuwa nawaza nini. Sikuwa nawaza. Nilimwona, mwili ukashuka. Nilitoka kwenye kiti, goti chini, kiganja chini, kichwa chini.

"Mwangaluka, mayu," nikasema. Ndiyo salamu yao ya asubuhi kwa mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Umeamka salama? Unaumwa?"

"Siumwi mama, ni mtihani."

"Yesu wangu," akasema, akaziba mdomo kwa khanga, akarudi ndani akafunga mlango.

Nilipoinuka kukaa, skrini ilikuwa nyekundu. Mtahiniwa ametoka kwenye picha. Sauti ya mtu wa pili imesikika. Mtihani umesitishwa.

Mume wangu aliporudi na mtoto alinikuta nimekaa palepale. Nilimweleza. Akakuna kichwa, akauliza sikuweza kumwambia mama asubiri kidogo.

"Ni mama yako," nikamwambia. "Wewe ungemwambia?"

Akaenda kumvua mtoto viatu.

Mimi sikuwa na wasiwasi bado, hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka. Nilidhani ni jambo la kueleza tu. Kuna video, kuna sauti, mtu ataangalia ataona mwanamke anamsalimia mama mkwe wake sekunde kumi na tano. Nikafungua sehemu ya msaada. Likatokea roboti la kuchati na jina la kike, likasema linafurahi kunisaidia. Nikaandika. Likaniuliza kama nimejaribu kuwasha upya kompyuta. Nikaandika tena, kwa sentensi fupi, kama alivyonifundisha yule mama wa simu. Likasema limesikitika kusikia kwamba nimeumia goti.

Nikaandika barua pepe. Jibu la kwanza lilikuja baada ya siku tatu, kwamba kesi yangu imepelekwa kwa wakaguzi. La pili lilisema wakaguzi wameiangalia video, na wamebaini yafuatayo: mtahiniwa alishuka chini ya usawa wa meza kwa makusudi, mkono wake wa kulia ulifika sakafuni mahali pasipoonekana, mtu mwingine alimpa maelekezo kwa lugha isiyo ya Kiingereza, mtahiniwa alijibu. Huo ni udanganyifu. Haruhusiwi kurudia mtihani kwa miezi sita, na kumbukumbu itabaki kwenye jina lake.

Maelekezo. Eti umeamka salama ni maelekezo.

Niliwaandikia tafsiri ya kila neno tulilosema. Yalikuwa machache, yalienea mistari minne. Niliwaandikia kwamba kama hawaniamini watafute Msukuma yeyote, London wapo, nitawaletea watatu Jumapili wakitoka kanisani. Wakanijibu ile barua ya tatu, kwamba hawatathmini maudhui ya lugha nyingine, na somo la salamu chini yake.

Kati ya ile ya pili na ile ya tatu, nyumbani kwangu kulibadilika. Mama mkwe alianza kubaki chumbani asubuhi mpaka asikie nimetoka. Nikitoka kuoga nikagonga mlango nimwamkie, anaitikia kutoka ndani, nisiingie. Asubuhi moja nilimwahi jikoni. Nikashuka. Akanishika bega kabla goti halijafika chini.

"Acha," akasema. "Kuanzia leo niamkie ukiwa umesimama. Magoti yako yamekugharimu kazi."

Nilimwambia kazi haijaenda bado. Nikamwambia nchi hii haiwezi kunipangia nimsalimie vipi mama yangu. Akasema, "Mimi naondoka mwezi ujao. Wewe unabaki nao." Nikasimama na sufuria mkononi sijui niweke wapi, wala mimi mwenyewe nijiweke wapi. Siku hiyo nilimwamkia nimesimama, nikajisikia kama nimemtukana.

Sasa turudi Jumanne ile. Nilimfuta mtoto mdomo, nikamchukua, nikashuka ngazi kwa jirani yangu Mkenya. Alikuwa ametoka zamu, miguu ndani ya beseni. Nikampa simu asome barua zote. Alisoma mpaka mwisho, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Pole dada, sicheki wewe," akasema. "Lakini ulipiga magoti kwa mtihani? Si ungempungia tu mkono?"

"Mama mkwe apungiwe mkono?"

"Nyinyi Watanzania hiyo adabu itawamaliza. Mimi mama mkwe angefungua mlango ningemwonyesha kwa jicho tu arudi."

"Ndiyo maana wako hajawahi kuja."

Akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye beseni. Kisha akajifuta, akawa mwingine. Aliniambia barua zangu zote ni za kulia. Nimeandika nasikitika, nawaomba, tafadhali. Huku ukilia wanakupa tishu, akasema, hawakupi haki. Kila shirika la namna hii lina utaratibu wa malalamiko rasmi, umefichwa chini kabisa ya tovuti, maandishi madogo, ukiufuata unapewa namba, na mwenye namba lazima ajibiwe na mtu, si roboti. Yeye aliwahi kumlalamikia mwajiri hivyo na akashinda. "Usiombe," akasema. "Lalamika. Ni vitu viwili tofauti."

Akataka aniandikie yeye mwenyewe, dakika kumi. Kiingereza chake kimenyooka, amesoma mpaka diploma. Nikasema hapana. Mume wangu naye jioni akasema niandike kwa Kiswahili niitupie kompyuta itafsiri, itatoka safi bila kosa. Nikasema hapana tena, akaniona mkaidi. Lakini wale wa mtihani wameandika kwamba kuna mtu ananipa maneno. Halafu niwapelekee barua aliyoiandika mtu mwingine? Ningekuwa nimewapa ushahidi wasiokuwa nao. Kama Kiingereza changu kitatoka na makosa, yatakuwa makosa yangu na wayasome hivyohivyo.

Niliipigia hospitali kwanza. Nilimweleza yule mkubwa wa usaili kila kitu, goti na yote, kwa simu, bila karatasi mbele. Akasema yeye hana mamlaka ya kufuta sharti la cheti, angekuwa nayo angelifuta. Ila orodha anaishika yeye, na hataita mtu mwingine mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata. Baada ya hapo, mikono yake imefungwa.

Jumatano nilichukua siku ya mapumziko. Nilikaa pale mezani na kamusi, mama mkwe akamchukua mtoto chumbani wakaimba nyimbo za Kisukuma ambazo binti yangu anazitamka kama anatafuna barafu. Nilifuta sana. Kila nilipoona nimeandika nasikitika, nilifuta. Nilipoona tafadhali, niliacha moja tu. Fomu yenyewe ina visanduku viwili: eleza malalamiko yako, na ungependa tufanye nini. Alhamisi saa nne asubuhi niliituma, nikapata namba. Niliiandika kwa Kiingereza, hapa naiweka kwa Kiswahili kama ilivyokuwa, bila kuilainisha.

Eleza malalamiko yako:

Nalalamika rasmi juu ya uamuzi wenu kwamba nilifanya udanganyifu. Sikufanya.

Wakati wa mtihani mama wa mume wangu aliingia chumbani. Hakutakiwa kuingia. Aliingia kwa sababu asubuhi hiyo sikuwa nimemsalimia, akadhani ninaumwa. Kwenye familia ya mume wangu, mwanamke humsalimia mama mkwe kwa kupiga goti na kugusa chini kwa mkono. Nilifanya hivyo. Mnaita kushuka chini ya meza. Mkono wangu ulikuwa sakafuni. Sakafuni hapakuwa na kitu, na ninyi wenyewe mlinitaka nionyeshe chini ya meza kabla ya kuanza, nikaonyesha, mnayo video.

Mnasema nilipewa maelekezo. Aliniuliza kama nimeamka salama na kama ninaumwa. Nilimjibu kwamba siumwi, ni mtihani. Mmekiri kwa maandishi kwamba hamkutafsiri maneno hayo. Basi mlijuaje kwamba ni maelekezo? Mtu asiyeelewa lugha hawezi kusema kilichosemwa. Hilo nalijua vizuri kuliko ninyi, maana nimeishi hivyo miaka miwili nikiwa mimi ndiye nisiyeelewa, na sikumwita mtu yeyote mwongo.

Nakubali kwamba nilivunja sharti la kuwa peke yangu, na kwamba niliondoka kwenye picha. Kwa kosa hilo mtihani mngeweza kuufuta na mimi ningerudia. Lakini kuvunja sharti na kudanganya si kitu kimoja, na ninyi mmeandika la pili kwenye jina langu.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Ina makosa. Mkitaka kujua kama naweza kuongea Kiingereza, namba yangu ya simu mnayo, nipigieni, nitaongea na yeyote kwa muda wowote mtakaotaka. Mpaka leo hakuna mtu wa kwenu aliyewahi kunipigia.

Ungependa tufanye nini?

Moja. Video iangaliwe upya na binadamu, akiwa pamoja na mkalimani wa Kiswahili na Kisukuma, si wa kwangu, wa kwenu.

Mbili. Neno udanganyifu liondolewe kwenye kumbukumbu zangu, na niandikiwe kwamba limeondolewa.

Tatu. Niruhusiwe kurudia mtihani kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Ninayo kazi inayonisubiri mpaka siku hiyo, na si zaidi.

Nne. Mama mkwe wangu anaamini kwamba ameniharibia maisha. Tafadhali mwandikieni barua yake mwenyewe, mmweleze kwamba hakufanya kosa. Nitamsomea.